Maswali ya Wasomaji: Redio ya Mkononi, Leseni na Milima Iliyo Katikati

Barua za toleo hili zimetoka Nakuru, Kisumu na magharibi ya nchi. Karibu zote zinahusu redio ndogo za mkononi, zile wengi wanaziita wokitoki, ambazo mtu hununua leo na kuuliza sheria kesho. Tumezifupisha, na maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Salamu kwa dawati. Nimenunua Baofeng UV-5R. Mwenye duka aliniambia niiwashe tu nizungumze, eti ni kama simu isiyohitaji laini. Jirani anasema najitafutia balaa. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Section 58, Nakuru*

Msikilize jirani. Redio hiyo hupokea na kurusha kuanzia 136 hadi 174 MHz, kisha kuanzia 400 hadi 480 au 520 MHz kutegemea toleo. Ndani ya upana huo wamo walinzi wa kampuni, vyombo vya majini, huduma za dharura na wengine waliopangiwa masafa yao kwa leseni. Redio yako haijui tofauti. Ukibonyeza kitufe cha kuzungumza inarusha papo hapo ilipo, iwe kwako au kwa mwenyewe. Kasoro ya redio hizi za bei nafuu si udhaifu. Ni kwamba hazikatai kitu.

Sehemu ya redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaowasiliana kwa kujifunza na kujiburudisha bila biashara, ni nyembamba. Kenya iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, na bendi za ridhaa ambazo redio yako inazifikia ni 144 hadi 146 MHz na 430 hadi 440 MHz. Tahadhari hapa, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na Wamarekani. Wao wako Kanda ya 2 na bendi yao inafika 148 MHz. Masafa yao mashuhuri ya kuitana, 146.520, kwetu yako nje ya bendi kabisa, na zile chaneli zao za 462 MHz wanazotumia majumbani hazituhusu. Anayenakili orodha yao nzima atakuwa anarusha mahali pasipo pake hata akiwa na leseni mfukoni. Kwa kanda yetu, masafa ya kuitana kwa FM ni 145.500 na 433.500.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998. Makao makuu yako Waiyaki Way, Nairobi, lakini ipo ofisi Kisumu na nyingine Eldoret. Nenda na kitambulisho, jina kamili na toleo la redio, na maswali yako yakiwa yameandikwa: ni ushahidi gani wa ujuzi unaokubaliwa kwa mwombaji wa redio ya ridhaa, ada ni kiasi gani na inadumu muda gani, redio yangu imeidhinishwa kwa aina yake, na je, naruhusiwa kukaa nayo wakati ombi langu linashughulikiwa? Hilo la mwisho watu hulikwepa, ilhali ndilo linalokulinda. Anayeagiza kutoka ng'ambo aulize kuhusu idhini kabla mzigo haujafika forodhani, si baada ya kuzuiliwa.

Kabla ya safari hiyo watafute watu wa Amateur Radio Society of Kenya, ARSK, chama kinachoiwakilisha Kenya katika muungano wa kimataifa wa wanaridhaa, IARU. Wao watakuambia ni fomu ipi, na pia watakupa orodha ya ripita (mitambo ya mlimani inayopokea sauti yako na kuirusha upya) zinazofanya kazi, jambo ambalo tovuti za kigeni hukosea mara kwa mara.

Ukipata leseni utapewa alama ya wito, yaani jina lako la hewani. Kenya imegawiwa alama zote kuanzia 5YA hadi 5ZZ, na wanaridhaa wa hapa hujulikana kwa 5Z4 ikifuatwa na herufi. (Kabla ya uhuru ilikuwa VQ4, na wakusanyaji wa kadi ambazo wanaridhaa hutumiana kuthibitisha mawasiliano bado wanazithamini zenye alama hiyo.) Usijitungie alama ya kutumia kwa muda. Hakuna kitu kama hicho.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na nataka kuanzisha klabu ya redio shuleni. Wanafunzi wajifunze nini hasa kabla ya kufikiria leseni? Na je, lazima wajue Morse?
*Mwalimu, Kakamega*

Tuanze na Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, Mwalimu. Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003, kanuni za kimataifa haziilazimishi tena. Kila nchi iliachiwa iamue. Lakini kanuni hizo hizo zinazitaka serikali zihakikishe kwamba mwombaji ana ujuzi wa kuendesha kituo na wa kiufundi. ITU imetoa pendekezo linaloorodhesha mambo ya msingi, M.1544, na unaweza kulifanya mtaala wa klabu: sheria za redio, namna za mawasiliano, nadharia ya mitambo, usalama wa mawimbi kwa mwili, na jinsi ya kuepuka kuwaingilia wengine.

Nadharia msiifanye ya kukariri. Gawanya 300 kwa masafa ya MHz upate urefu wa wimbi kwa mita: 300 kwa 145 ni mita 2.07, ndiyo sababu bendi hiyo inaitwa ya mita 2. Kisha nguvu: redio ya mezani inayovuta ampea 20 kwa volti 13.8 inakula wati 276. Ikitoa wati 100 kwenye antena, wanafunzi wakuambie hizo 176 zimeenda wapi, na kwa nini mgongo wa redio una mapezi ya chuma.

Halafu desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu, ambayo itawaokolea pesa. Kutoka wati 4 kwenda wati 8 ni nyongeza ya desibeli 3. Kipimo cha nguvu ya ishara kwenye redio, kile cha S, kimekubaliwa kuwa desibeli 6 kwa hatua moja. Maana yake redio ya wati 8 inakuongezea nusu hatua tu. Anayesikika vibaya kwa wati 4 atasikika vibaya kwa wati 8, na betri itaisha mapema. Fedha hiyo iende kwenye antena.

Kwa upande wa uendeshaji, wazoeshe kusikiliza kwanza, kuuliza kama masafa yana mtu, kutaja alama ya wito, na kutamka herufi kwa alfabeti ya kimataifa: Five Zulu Four, si "faivu zedi foo". Hakuna biashara, hakuna muziki, hakuna ujumbe wa siri uliofichwa maana. Mwanafunzi asiye na leseni asirushe peke yake.

Naisikia ripita vizuri kabisa, watu wanaongea, lakini nikibonyeza hakuna anayenijibu. Namba niliyopewa nimeiandika sawasawa. Tatizo ni redio?
*Msomaji mwenye leseni mpya, Kondele, Kisumu*

Mara nyingi redio haina kosa. Ripita hupokea kwa masafa mamoja na kurusha upya kwa mengine wakati huo huo. Wewe umeandika yale inayorushia, kwa hiyo unaisikia. Lakini nawe unarushia hapo hapo, mahali ambapo ripita haina sikio. Unahitaji vitu vitatu kutoka kwa wanaoiendesha: masafa inayorushia, tofauti kati ya hayo na inayopokelea, na toni.

Tuseme, kwa mfano tu, ripita inarusha 145.700. Desturi ya Kanda ya 1 kwenye mita 2 ni kushuka kwa 600 kHz, basi inapokea 145.100. Kwenye bendi ya 430 tofauti hubadilika nchi kwa nchi, usikisie. Toni ni mlio mdogo, kati ya 67.0 na 254.1 Hz, ambao redio yako huuchanganya na sauti. Ripita isipousikia haifunguki, hata ukiwa chini ya mlingoti wake. Tuchukulie yako ni 88.5.

Kwenye UV-5R bonyeza VFO/MR mpaka ile namba ndogo ya chaneli iliyo kando ipotee na yabaki masafa. Kwa kitufe cha A/B hakikisha uko mstari wa juu. Ukihifadhi kutoka mstari wa chini utajisumbua bure. Kila mpangilio unaingia hivi: MENU, namba yake, MENU tena, chagua kwa mishale, MENU kuthibitisha, EXIT. Zima namba 7, TDR, inayosikiliza mistari miwili kwa pamoja. Ikiwa wazi, mtu akiongea kwenye mstari wa chini wewe ukabonyeza, unaweza kujikuta unamjibu huko badala ya kwenye ripita. Nenda 28 ufute chaneli unayotaka kuitumia, tuseme 001, kwa sababu redio haitaandika juu ya chaneli iliyojaa.

Sasa andika 145700. Ikibadilika yenyewe kuwa namba ya jirani, hatua ya masafa, namba 1, si sahihi; iweke 5.0 au 12.5. Namba 25 iwe alama ya kutoa. Namba 26 iwe 000.600. Namba 13, T-CTCS, iwe 88.5. Namba 10, 11 na 12 ziwe OFF. Hapo kwenye 11 wengi hukosea: wakiweka toni ya kupokea kwa ripita isiyorudisha toni, redio inakuwa bubu na wanadhani ripita imezimwa.

Nenda 27, chagua 001, thibitisha. Umehifadhi nusu. Bonyeza *SCAN, skrini igeuke iwe 145.100. Rudi 27, chagua 001 ile ile, thibitisha mara ya pili, kisha *SCAN tena urudi. Wanaoiruka hatua hii ya pili huishia na barua kama yako, kwani chaneli iliyohifadhiwa mara moja hurushia pale pale inapopokelea. Kujipima bila kumsumbua mtu, ingia chaneli 001 ubonyeze *SCAN: masafa yakihama, uko sawa; yasipohama, rudia.

Yakiwa yote sawa na bado kimya, angalia namba 2 kama nguvu iko LOW, na namba 5: ikiwa NARR (nyembamba) kwenye ripita pana, sauti yako itafika lakini kwa unyonge kama mtu anayeongea chumba cha pili. Ukibonyeza, nyamaza sekunde moja kwanza ili ripita ifunguke, ndipo utaje alama yako. Na ukikatwa katikati ya maneno, ni namba 9, TOT, kikomo cha muda wa kurusha. Kiache sekunde 60. Anayehitaji zaidi ya dakika moja bila kupumua anahutubia.

Nimenunua kebo ya kuprogramu na nimeweka CHIRP, programu ya kupanga chaneli za redio, kwenye kompyuta, lakini kila nikijaribu inasema redio haijibu. Nimebadilisha kompyuta mbili.
*Msomaji, Bungoma*

Kabla ya kubadilisha ya tatu, isukume plagi. Tunasema hivyo bila mzaha. Plagi yenye pini mbili, ya milimita 2.5 na 3.5, lazima izame hadi mwisho, na kwenye redio nyingi plastiki ya plagi hugonga bodi kabla pini hazijafika. Isukume mpaka usikie kishindo kidogo. Ikikataa, chonga ukingo wa plastiki yake kwa wembe, kiasi cha milimita moja.

La pili ni chipu iliyo ndani ya kebo. Kebo rahisi nyingi zina nakala bandia ya chipu ya Prolific, na programu endeshi mpya ya Windows huzitambua na kuzikataa. Fungua orodha ya vifaa ya Windows: ukiona alama ya njano penye bandari na maneno "Code 10", ndiyo hiyo. Ama uweke programu endeshi ya zamani, ama ununue kebo ya FTDI au CH340 na kuachana na mateso. Tungekushauri la pili. Kwenye orodha hiyo hiyo soma namba ya COM, kisha uchague hiyo hiyo ndani ya CHIRP. Ukihamisha kebo kwenye tundu jingine la kompyuta namba inaweza kubadilika. Washa redio baada ya kuchomeka, pandisha sauti hadi juu, na iwe kwenye masafa yasiyo na mazungumzo.

Ikikubali, kazi ya kwanza ni kushusha yaliyomo kwenye redio na kuyahifadhi kwenye faili usiloligusa tena. Hilo ndilo bima yako. Usipakie faili zima la redio ya rafiki hata kama zinafanana kwa sura, kwa kuwa matoleo ya ndani hutofautiana. Fungua faili lake kando, nakili mistari ya chaneli, ubandike kwenye la kwako. Kwenye safu ya Tone Mode chagua Tone, si TSQL, kwa sababu ile tuliyoieleza kwa msomaji wa Kondele.

Na kwa wale ambao leseni haijatoka, hapa pana jambo lenye thamani kuliko yote. Safu ya Duplex ina chaguo la "off". Chaneli yenye "off" inapokea tu. Ukibonyeza kitufe cha kuzungumza haitoi kitu. Weka chaneli zako zote hivyo. Kisha kwenye mipangilio ya ziada ya UV-5R utakuta mahali pa kuzima kurusha kwa VHF (upande wa 136 hadi 174) na kwa UHF (upande wa 400 na kuendelea), pamoja na mipaka ya masafa; leseni ikija, fungua na uweke mipaka 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Hapo ndipo redio inayokubali kila kitu inafundishwa kukataa. Mtoto akiichezea, au ikibonywa ndani ya begi, hakuna wa kuumia.

Mimi niko Nakuru, kaka yangu yuko Kisumu, sote tumeomba leseni. Tangazo la redio lilisema kilomita 50. Tukinunua zenye nguvu zaidi tutafikiana?
*Msomaji, Lanet*

Hapana, hata mkinunua ya wati 50. Masafa haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kinachowazuia ni ardhi. Kadirio la upeo wa redio ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jibu likiwa kilomita. Antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi ina upeo wa kilomita 5. Watu wawili uwanda wa Kano, bila nyumba wala miti, watafikiana kilomita 10 hivi. Katikati ya mji wa Nakuru, kwa kuta za mawe na mabati, shukuru ukipata 2.

Panda Menengai. Kilele kina mita 2,278 na mji uko chini yake kwa takriban mita 400, kwa hiyo upeo wa hesabu unaruka hadi kilomita 82. Redio ni ile ile, wati ni zile zile. Lakini hata hapo Kisumu haionekani: iko kilomita 150 hivi kwa mstari wa moja kwa moja, chini kwenye mita 1,130, na katikati umesimama ukingo wa Mau pamoja na milima ya Londiani na Tinderet. Tangazo la kilomita 50 lilipimwa, kama lilipimwa, kutoka kilima hadi kilima.

Njia yenu ni mbili. Ya kwanza ni ripita iliyo juu ya mlima unaowaona nyote, au ripita mbili zilizounganishwa; ulizeni ARSK. Ya pili, ambayo tunaipenda zaidi kwa umbali kama huu, ni masafa ya chini: bendi ya mita 40, kwa kanda yetu 7.0 hadi 7.2 MHz. Mnafunga waya chini chini, mita 4 hadi 6 tu, ili mawimbi yaende juu wima, yagonge tabaka la ionosfia kilomita mia mbili au tatu angani, yarudi chini kama mvua pande zote. Mlima hauyazuii, yanapita juu yake. Urefu wa waya ni 142.5 gawanya kwa masafa: kwa 7.1 ni mita 20.07, yaani mita 10 kila upande, kebo ikiunganishwa katikati. Kata mita 10.3, upunguze kidogo kidogo ukipima. Waya uliokatwa mfupi hauongezeki. Mchana itawafaa. Usiku tabaka hupungua nguvu na mawimbi ya 7 MHz yanaweza kupenya badala ya kurudi, ndipo watu huhamia 3.5 hadi 3.8 MHz, waya ukiwa karibu mara mbili.

Hii inahitaji redio ya mezani ya HF, yaani ya masafa hayo ya chini, na bei yake si ya mchezo. Hakikisheni leseni zenu zinataja bendi hizo kabla ya kununua.

Nataka kutengeneza antena ya nje kwa mita 2 mwenyewe. Vifaa gani, vipimo gani? Na huku kwetu radi ni nyingi.
*Msomaji, Kisii*

Antena ya robo wimbi ndiyo ya kuanzia. Nunua soketi moja ya SO-239 ya aina ya kufungwa kwa skrubu nne, plagi yake ya PL-259, skrubu na nati nne za milimita 3, na mita 3 za waya wa shaba mgumu, ule wa msingi mmoja wa 2.5 unaopatikana kwa maduka ya umeme. Wima ikatwe sentimita 49 (7125 gawanya kwa 145) na ichomelewe kwa lehemu kwenye pini ya katikati. Miguu minne, sentimita 52 kila mmoja, ifungwe kwenye pembe za soketi na kuinamishwa chini nyuzi 45. Mwinamo huo si urembo: miguu ikikaa mlalo, ukinzani wa antena ni karibu omu 36, ikiinama unasogea kwenye 50 ambazo redio inazitarajia. Bahati nzuri antena hiyo inafanya kazi pia karibu na 435 MHz, kwa kuwa ni mara tatu ya 145.

Kebo ina gharama yake iliyofichika. Mita 10 za RG-58 kwenye 145 MHz hupoteza karibu desibeli 2, maana yake zaidi ya theluthi ya nguvu inaishia kupasha kebo moto. RG-213 kwa urefu huo haifiki desibeli 1. Ziba kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika, maana maji yakiingia kwenye kebo hayatoki. Kumbuka UV-5R ina kiungo cha SMA cha kiume kwenye redio yenyewe, tofauti na redio nyingi. Adapta isiyo sahihi ndiyo bidhaa inayorudishwa dukani zaidi. Na kebo nzito isining'inie kwenye redio, itang'oa kiungo. Weka kipande chembamba cha nusu mita katikati.

Radi. Kisii na Kakamega hazihitaji kuambiwa habari zake. Ukimaliza kutumia, chomoa kebo na uitoe nje ya dirisha; kuiacha sakafuni kando ya redio si kuikata. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene hadi kwenye fimbo ya ardhi iliyo nje, kwa njia fupi isiyo na kona kali. Hakuna kifaa kinachozuia pigo la moja kwa moja. Ukisikia ngurumo, umechelewa kupanda juu ya bati kurekebisha antena, subiri kesho. Na mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie.

Asiyetaka kujenga akate waya mwembamba wa sentimita 49 aufunge kwenye ukingo wa chuma chini ya antena ya redio ya mkononi, uning'inie. Ni dawa ya bei ya bure, na mara nyingi inasaidia kuliko antena ndefu ya dukani.

Tunavua usiku. Tukinunua redio hizi za mkononi kwa kila mashua, tutasaidiana?
*Mvuvi, Homa Bay*

Msitumie bendi za ridhaa kwa kazi ya uvuvi, ni biashara. Nunueni redio za baharini za VHF zenye kibali chake, zisizoingia maji, zenye chaneli 16 ya dharura, 156.800 MHz. UV-5R haiogelei. Kanuni za kimataifa hazimkatazi aliye katika hatari ya kufa kutumia redio yoyote aliyo nayo kuomba msaada, lakini msaada unatoka kwa anayesikiliza, na wanaosikiliza wako kwenye chaneli 16.

Sacco yetu ya boda boda inataka redio 30. Mwenyekiti akipata leseni ya ridhaa, itatutosha sote?
*Katibu, Nakuru*

Haitatosha hata kwa mwenyekiti akiwa kazini. Leseni ya ridhaa ni ya mtu, na si ya biashara. Ombeni CA leseni ya mtandao binafsi wa redio mpangiwe masafa yenu, kisha fundi afunge redio kwenye chaneli hizo tu. Kwa sacco ya mjini, huenda simu zikawagharimu pungufu ya hapo.

Nimesikia kwamba mtu anaweza kuwasikia wanaanga kwa redio ndogo. Ni kweli au ni porojo?
*Mwanafunzi, Njoro*

Ni kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina vifaa vya wanaridhaa, na wanaanga huzungumza na shule kwa 145.800 MHz, FM pana. Mara nyingi zaidi utakuta ripita yake inayorusha kwa 437.800. Kinapita kilomita 400 hivi juu, kwa mwendo unaozidi kilomita 27,000 kwa saa, hivyo mpito mzuri hauzidi dakika 10. Tafuta ratiba ya mipito ya mahali ulipo, uchague ile inayopanda zaidi ya nyuzi 40. Ya chini sana milima inaweza kukuziba.

Kasi hiyo huyasukuma masafa. Kwenye 145.800 mabadiliko ni kama 3.5 kHz, redio inavumilia. Kwenye 437.800 yanafika 10 kHz, basi hifadhi chaneli tano, zote zikiwa na Duplex "off": 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790. Anza na ya juu kinapochomoza, teremka kinavyopita. Kwenye menyu ya UV-5R, namba 0, skwelchi (inayonyamazisha kelele), iwe 0 ili usikie hata kelele. Namba 3, ya kuokoa betri, izimwe, kwa kuwa humeza mwanzo wa maneno. Shika antena iwe kiubavu kuelekea kituo; ncha yake ndiyo sehemu isiyosikia. Simama uwanjani, si chini ya bati.

Kuongea nacho ni 145.990 kwa toni ya 67.0, kwa wenye leseni.

Huku umeme unapotea siku nzima. Naweza kuchaji redio moja kwa moja kwa paneli ya sola?
*Msomaji, Siaya*

Usithubutu. Paneli inayoitwa ya volti 12 hupanda zaidi ya 18 jua likiwa kali na hakuna mzigo, na betri ya UV-5R ni ya lithiamu ya volti 7.4 inayojaa kwa 8.4. Kiti cha chaji kimepangwa kwa adapta yake ya volti 10. Pitisha paneli kwenye kidhibiti chaji na betri ya volti 12, kisha utumie kibadilisha volti cha kushusha hadi 10, ukikipima kwa mita kabla ya kuchomeka. Au nunua betri yenye tundu la USB ubavuni uitumie na benki ya umeme. Betri iliyovimba usiichaji tena hata kama bado inawasha redio.